Maswali kwa Bibi Mifugo: Sungura asiyeweza kusimama

Mbukwenyi, wasomaji. Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la kuku, nikachomekea kwamba hapa kwangu Kikuyu, Dodoma, nafuga sungura dume aliyepooza miguu ya nyuma, anaitwa Mheshimiwa. Nilidhani limepita. Barua zilizoingia tangu hapo karibu zote ni za sungura wenye miguu mibovu. Kumbe mnao wengi majumbani na mmenyamaza. Basi kuku wasubiri mwezi ujao. Na kwa mliouliza: anaitwa Mheshimiwa kwa sababu yeye hafuati chakula, chakula ndicho kinachomfuata.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa darasa la tano amerudi na sungura mdogo wa kama miezi miwili, kapewa na jirani anayefuga. Miguu ya nyuma imetanuka, mmoja huku mmoja kule, anajikokota kwa ile ya mbele. Jirani alikuwa anataka kumtupa. Mtoto analia tumchukue, baba yake anasema huko ni kumtesa kiumbe. Tumepanga, na nyumba ina marumaru kila chumba. Nifanyeje? (Mama wa Wawili, Ilazo)

JIBU: Marahaba mwanangu. Habari ya huruma tuiweke pembeni kwanza, unijibu hili: nani atamsafisha makalio kila jioni? Sungura akitunzwa ndani anafika miaka 8 hadi 12. Huyo wa darasa la tano atamaliza kidato cha nne, ataondoka zake, na sungura utabaki naye wewe. Kwa hiyo usiniambie ni wa mtoto. Ukinijibu "nitamsafisha mimi", mchukue. Ukinijibu "dada wa kazi", mwite kwanza dada mwenyewe umuulize, maana amekuja kwako kulea watoto, hakuja kulea sungura. Na mwenye nyumba naye ajulishwe mapema.

Kutanuka miguu hivyo huanza sungura akiwa bado kiotani. Wapo wanaozaliwa nako, kumo kwenye ukoo. Wapo wanaokupata kwa kulelewa juu ya bati au plastiki isiyo na nyasi za kutosha: miguu inateleza, inakosa pa kushika, nyonga zinakomaa zikiwa zimekaa upande. Akiwahiwa siku zile macho ndiyo yanafumbuka, daktari anaweza kumfunga kitambaa laini miguu ikae karibu karibu, na baadhi hunyooka. Huyu wa miezi miwili muda huo umempita. Asije mtu akamfunga vijiti na kamba kwa kuona huruma, atamchubua bure. Apelekwe tu daktari wa mifugo athibitishe kwamba hakuna palipovunjika. Na akikua asizalishwe, hata jirani akija na maneno matamu.

Baba yake hajakosea kuuliza. Sungura huficha maumivu, kwa kuwa porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa wa kwanza. Anayeteseka hali chakula, anajikunyata kona moja macho nusu yamefumbwa, na ukimgusa unasikia meno yanasagana kwa nguvu. Anayeishi vizuri na kilema chake unamwona anajivuta haraka akisikia mfuko wa mchicha, ananawa uso kwa miguu ya mbele, anasukuma bakuli likikawia kujazwa. Mwambie mzee akae naye nusu saa jioni jua likizama, ndipo atoe hukumu. Saa nane mchana sungura yeyote, hata mwenye miguu yote minne, unaweza kudhani anakata roho. Ndiyo saa zake za kulala.

Sasa marumaru. Kwa sungura huyu marumaru ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, kila akijivuta miguu inazidi kutanuka. Pale soko la Majengo utafute mabaki ya zulia lenye manyoya mafupi, utandike sehemu yake yote. Pale anapolala weka kipande cha godoro, juu yake plastiki, juu ya plastiki blanketi la mtumba lililokunjwa mara mbili. Uwe na mablanketi mawili ya kubadilishana, moja liko kwenye kamba jingine liko kazini. Kizimba cha wavu chini sitaki hata kukisikia. Sungura hana ngozi ngumu kwenye nyayo kama mbwa, ana manyoya tu, na anayejiburuza huchubuka kisigino hadi mfupa uonekane. Maji yawe kwenye bakuli fupi na zito, si chupa ya kuning'iniza; kuifikia ile anahitaji kunyanyuka.

Na jua la Dodoma mnalijua. Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza, nyuzi joto 31 ni jambo la kawaida, na sungura huanza kupata shida zikizidi 28 hivi. Hatoki jasho, joto lake analitolea masikioni. Mzima angehama kivuli kinapohama. Wako atabaki palepale anaungua. Kwa hiyo unapochagua pa kumweka, usiangalie kivuli cha saa tatu asubuhi, angalia jua litakuwa wapi saa tisa alasiri. Mimi humlazia Mheshimiwa ubavuni chupa ya maji yaliyoganda, nimeifunga kitambaa. Julai tunageuza kibao: ule upepo wa usiku unaopita chini ya mlango ukimkuta kwenye blanketi lenye unyevu, asubuhi utampata amekakamaa kwa baridi.

SWALI: Bibi, sungura wangu wa miaka miwili jana alikuwa mzima, leo asubuhi sehemu ya nyuma haitikisiki kabisa. Watoto walikuwa wanamchezea, wana tabia ya kumwinua kwa masikio. Duka la dawa wameniambia nimpe amoksilini ya maji ya watoto. Ni sawa? (Mwalimu, Nkuhungu)

JIBU: Mwalimu nilimpigia simu siku ileile, kwa hiyo haya ni ya wengine.

Si sawa, na tafadhali mlikate hili mlibandike ukutani. Amoksilini, ampisilini na penisilini ya kumeza zinaua vijidudu vizuri vinavyomsaga chakula tumboni, vibaya vinachukua nafasi, sungura anaharisha, anakufa. Unampeleka kaburini kwa dawa ambayo mgongo wenyewe haiusaidii lolote. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni sumu kwake.

Haya ya masikio nimeyapigia kelele tangu nikiwa kazini. Mifupa yote ya sungura ni kama asilimia 7 au 8 tu ya uzito wake, lakini mapaja yake yana nguvu za kutisha. Ukimning'iniza bila kumshika nyuma anapiga teke hewani, na lile teke lake mwenyewe linamvunja mgongo kiunoni. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, umgandamize ubavu wake tumboni kwako. Watoto wadogo wakae chini sakafuni, sungura apandishwe mapajani. Hakuna mtoto wa kusimama na sungura.

Janga hilo likishatokea, mtelezeshe kwenye kadibodi au sinia pana bila kumkunja, mtie ndani ya boksi dogo asijipindepinde, umkimbize kwa daktari. Usimkande kwa maji ya moto. Usimvute miguu "irudi". Njiani kumbuka mambo mawili ambayo daktari atayauliza: amekojoa tangu litokee, na amekula? Kibofu kisipojimwaga, mkojo hujaa ndani, na kuukamua kuna namna yake. Ufundishwe na daktari kwa mikono yake juu ya mikono yako, si kwa maelezo ya jirani. Sungura aliyekaa muda wa saa 12 bila kutia kitu mdomoni ni dharura, awe na kilema au asiwe nacho.

Kama hakuna aliyemwinua wala kumwangusha, kuna kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Sungura hupokezana kwa mkojo. Kinaingia kwenye figo na ubongo, miguu ya nyuma inalegea, wengine shingo inapinda kichwa kinakaa upande. Hapo hutumika fenibendazoli kwa siku 28. Ndiyo, ni dawa ileile ya minyoo mnayowanywesha mbuzi, ila kipimo cha mbuzi si cha sungura, na siku moja haitoshi. Kikiwahiwa wapo wanaorudi kutembea. Nawa mikono ukimaliza kumsafisha, na mwenye kinga dhaifu nyumbani asiguse mkojo wake.

Kuhusu daktari: mkoa wetu ni wa ng'ombe na mbuzi, na wengi wamebobea huko. Muulize bila aibu, "umewahi kutibu sungura?" Mzuri hatachukia.

SWALI: Shikamoo. Nina sungura jike aliyepooza nyuma. Ananuka mkojo, manyoya ya chini yananyonyoka, ngozi imekuwa nyekundu. Namwogesha kila siku kwa sabuni ya kipande na bado. (Kijana, Hombolo)

JIBU: Marahaba. Acha kumwogesha leo.

Nimekaa na hawa wanyama miaka mingi na nawaambia: mguu haumuui sungura. Kinachomuua ni mkojo unaokauka kwenye manyoya, halafu nzi. Sungura mzima huinua makalio akikojoa. Aliyepooza anakojolea tumbo lake mwenyewe, na mkojo wake ni mzito, una chokaa. Unaunguza ngozi polepole. Wewe ukimtumbukiza kwenye beseni unaondoa harufu ya saa mbili, unamwachia manyoya mabichi hadi kesho, na ile sabuni inamkausha ngozi ipasuke. Tena kumlowesha mwili mzima kunamtia hofu ya kufa. Wapo wanaokufa kwelikweli.

Mimi hufanya hivi. Natandika kanga kuukuu mapajani, Mheshimiwa anakaa amenipa mgongo, kichwa kakiingiza kwapani kwangu, huko ndiko anakopapenda. Mkono wa kushoto unabeba makalio, kidole gumba kinanyanyua mkia. Kabla sijagusa maji natazama na kunusa: pembeni ya mkia, katikati ya mapaja, na ile mikunjo miwili ya ngozi iliyo kushoto na kulia kwa sehemu za siri, ambako uchafu mweusi wenye harufu kali hujificha. Kisha kitambaa cha pamba, maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja kinatosha kabisa, hata siku ya mgao. Nakandamiza, sisugui. Nabadilisha upande wa kitambaa hadi kitoke kisafi. Halafu nakausha kwa kitenge kilichofuliwa mara nyingi hata kimelainika, nakandamiza tena, napepea kwa mkono hadi nikiweka shavu la mkono wangu pale nisihisi ubichi. Anachukia ile ya kupepea. Anapiga kelele ndogo ya puani kunijulisha. Mwisho namnyunyizia wanga wa mahindi, ule mweupe wa kupikia uji mzito wa wageni, kidogo sana. Sembe hapana, inaganda.

Manyoya ya sehemu hiyo yapunguzwe kwa mashine ya kunyolea, siyo mkasi. Ngozi ya sungura ni nyembamba, unaivuta kidogo na manyoya, mkasi unapita nayo. Huyo wako ambaye tayari ni mwekundu apelekwe kwa daktari apewe dawa ya kupaka, na asipakwe spiriti.

Nzi sasa. Nzi hutaga kwenye manyoya machafu, na kwenye joto mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Funza wale hawali uchafu tu, wanaingia kwenye ngozi hai, na sungura aliyepooza nyuma hasikii chochote. Mkague asubuhi na jioni, funga neti ya mbu kwenye kizimba, toa kitanda kilicholowa palepale. Ukiona hata funza mmoja, watoe unaowaona kwa kibanio, uende kwa daktari siku hiyohiyo, usiku ukiwa umeingia ugonge mlango. Mafuta ya taa wekeni kwenye vibatari.

Jambo moja wengi hamlijui. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kuna zile punje kavu, na kuna kile laini, cheusi, kinachong'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hicho cha pili anakila mwenyewe, anakichukua mdomoni moja kwa moja kinapotoka, na ndimo zilimo vitamini za kundi B. Wako hawezi kujikunja akifikie. Ndiyo maana unakikuta kimepondeka chini ya mkia na unadhani anaharisha. Ukikipata kizima, kichukue kwa kijiko umpelekee mdomoni. Usikunje uso. Atakula na atatafuta kingine.

SWALI: Sungura wangu aling'atwa na mbwa, daktari akamkata mguu wa nyuma wa kulia. Amepona, anakimbia. Ila sikio la kulia linajaa uchafu, la kushoto ni safi. Ni utitiri? (Bodaboda, Kizota)

JIBU: Ukiona magamba mazito ya kahawia yamepangana na anatikisa kichwa, ndiyo, ni utitiri. Kama ni nta tu, jibu ni jepesi: sungura hujikuna sikio kwa mguu wa nyuma wa upande uleule, na huo haupo tena. Umerithi kazi. Kitambaa laini kwenye kidole, unapofika kidole ndipo mwisho, vijiti vya pamba usiingize. Na usiache kukagua kisigino cha kushoto, kinabeba mzigo wa viwili. Asinenepe.

SWALI: Huku kwetu majani ya karanga yako tele baada ya mavuno. Naweza kumpa sungura aliyepooza ashinde nayo? Na pumba? (Mama Mkulima, Kondoa)

JIBU: Majani ya karanga mpe kiganja kimoja, asishinde nayo. Yana kalsiamu nyingi, mazuri kwa anayekua na anayenyonyesha. Mwili wa sungura hunyonya kalsiamu karibu yote iliyo kwenye chakula, kisha ziada inatolewa kwa mkojo. Anayekaa tu hamwagi kibofu vizuri, ile kalsiamu inatuama kuwa tope. Ndiyo ule mkojo mweupe mzito. Maji awe nayo saa zote, na mboga mpe zikiwa zimeloweshwa.

Chakula chake kikuu kiwe nyasi kavu, kama sehemu nne kwa tano ya anachokula. Meno ya sungura hayaachi kukua, nyasi ndizo zinazoyasaga, na ndizo zinazosukuma utumbo wa asiyekimbia. Kata Aprili au Mei zikiwa bado na ukijani, anika kivulini, weka akiba kwenye viroba. Ukingoja Septemba utavuna vijiti. Mchicha kidogo, mchunga wa shambani mzuri sana, majani ya mzabibu anayapenda mno, lakini waulize wenye shamba wamepulizia nini na lini. Kabichi itamjaza gesi. Parachichi, vitunguu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo asipewe. Ugali nao asipewe, msinichekeshe.

Pumba si chakula cha anayekaa, zitamnenepesha, na mnene aliyepooza humgeuzi umsafishe. Zikiwa na ukungu ndio kabisa. Mnakumbuka mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilivyoua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi zaidi.

SWALI: Bibi, mimi ni fundi bomba. Nataka kumtengenezea sungura wa binti yangu kigari cha magurudumu kwa mabomba ya plastiki ya nusu inchi. Miguu ya mbele ni mizima. Nipe vipimo. (Fundi, Chang'ombe)

JIBU: Fundi, vipimo utavipata kwake. Mshikilie asimame kama sungura mzima anavyokaa, mgongo ukiwa umejipinda kwa kawaida yake, upime kutoka sakafuni hadi chini ya tumbo mbele ya mapaja. Usimnyooshe mgongo kama wa mbwa. Mkanda wa nyuma uwe wa kitambaa laini chenye matundu mawili ya miguu, uache mkia na njia ya haja wazi. Uzito ukae kwenye magurudumu, si mabegani mwake. Miguu iliyopooza ining'inie bila kugusa chini, ama uifungie soksi ya mtoto.

Avalishwe dakika 10 au 15 ukiwa unamtazama, kwenye zulia au ua uliofagiliwa, kisha avuliwe. Hawezi kulala wala kujilamba akiwa ndani yake. Nakuonya mapema pia kwamba sungura huruka, hatembei kwa hatua kama mbwa, hivyo wapo wanaokielewa siku ya kwanza na wapo wanaokaa tu kukitazama ukuta hadi uwatoe. Mheshimiwa ni wa kundi la pili. Wa kwako akikataa baada ya kumjaribisha wiki mbili tatu, au ukiona wekundu kwapani, kivue, umrudishie binti magurudumu ya gari lake la kuchezea, maana najua ndiko ulikoyatoa.